Profesa Mwenye Buti

Ukimkuta gulioni Mpale, juu huko milimani Korogwe, hutadhani ni profesa wa biashara. Buti zimejaa tope, begi liko mgongoni, naye amechuchumaa mbele ya gunia la maharage. Anapitisha kiganja pale mdomo wa gunia ulipoishia na lumbesa ilipoanzia, ile nundu iliyoshonwa kwa kamba ya katani, halafu anamwomba mama mwenye mali wapime debe moja moja. Wanapima, wanajumlisha. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hili limezidi, na mnunuzi analipa bei ya gunia, si ya kilo.

“Mbona unakubali, mama?”

“Baba, nikikataa lumbesa, nitashuka nalo mwenyewe?”

Profesa hakujibu. Aliliandika swali lile kwenye daftari kama lilivyotoka, na muhula uliofuata wanafunzi wake walilikuta kwenye karatasi ya mtihani. Huo ndio ufundi ninaousifu: kulipokea swali la gulioni bila kulivisha suti, na kulifikisha darasani likiwa bado zima.

Njia yake ya kazi inafanana na ya wengi wa rika lake. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwapo tangu 1965, na mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo chake cha biashara. Yeye alijifunza kusoma mizania wakati maduka yenyewe hayana sabuni. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni chache za bidhaa ndani aliulizwa amezipata wapi. Kusomea biashara katika nchi ambayo neno lililokuwa midomoni ni “mlanguzi” kulihitaji moyo. Baadaye akapelekwa ng’ambo, akarudi na shahada zake, akapanda ngazi za ualimu moja baada ya nyingine. Alipoufikia uprofesa, makampuni ya biashara ya mikoa yalikuwa yamekwisha na mitumba imejaa kila kona.

Wenzake hawakuielewa miguu yake. Mtu mzima, mwenye gari, Jumamosi anapanda milima na begi kama mtalii! Kilimanjaro ameshafika kileleni, mita 5,895, lakini hilo halizungumzii sana. Anachopenda kusimulia ni vijia vya Usambara: wapi bodaboda hukataa kupanda mvua ikinyesha, nani hubeba mzigo kichwani kutoka hapo, na nauli hiyo hukatwa kwenye pesa ya nani. Umeme wa jua wa kampuni ya Ensol, kilowati 48, ulipowashwa Mpale, yeye alitaka kujua nani atatangulia kununua friji, na atauza nini ndani yake.

Akisimama ukingoni, na tambarare imetandaza mkonge chini yake, humtaja Semboja. Mtoto huyu wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliiacha hadhi ya Vuga, makao ya kifalme mlimani, akaweka makao Mazinde, njia ya misafara ilipopita. Katika miaka ya 1860 bunduki alizozipata kwa biashara zilimpa nguvu kuliko enzi ya baba yake. Wanafunzi hupenda hadithi ikifika hapo. Profesa haiachii hapo. Huwauliza bidhaa ilikuwa nini, na hungoja mpaka mmoja wao aseme: watu.

Hakuwa peke yake katika kuutoa uchumi ofisini. Profesa Honest Ngowi wa Mzumbe, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Mlandizi mwezi Machi 2022, aliufafanua uchumi redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili ambacho hata muuza genge alikifuata. Pengo lake bado tunalisikia kila bajeti inaposomwa.

Siku hizi mafunzo ya vitendo yamekonda. Madodoso yanajazwa bwenini usiku, watu wanne juu ya kitanda kimoja, kila mmoja akijifanya wakulima kumi. Wanaita kupika data, na wanacheka wakisema hivyo. Jedwali linatoka safi, asilimia zinakaa vizuri, na hakuna mahali panapoonyesha kwamba mwenye gunia hakuulizwa. Nimewahi kusoma tasnifu nzima juu ya soko la mazao ambayo lumbesa haikutajwa hata mara moja. Ilipasishwa.

Profesa amestaafu. Vijana walioshika vipindi vyake wana akili, na kompyuta zao zinafanya kwa dakika hesabu zilizomkeshesha yeye. Ratiba mpya ya idara imeifuta safari ya Mpale; basi ni ghali, wamesema, na bei za maharage zinapatikana kwenye simu.