Jiwe Lililodhaniwa Kioo

Januari 2008, katika mji mdogo wa Crewkerne, kusini magharibi mwa Uingereza, jagi moja liliingizwa mnadani. Aliyeandaa orodha ya bidhaa aliliita jagi la mvinyo la Kifaransa la karne ya 19, akalikadiria kati ya pauni 100 na 200. Siku ya mnada ilipofika, bei ilianza kupanda na haikutaka kushusha pumzi. Nyundo ilipogonga, jagi lilikuwa limefika pauni 220,000. Mauzo yale yalibatilishwa baadaye kwa makubaliano, na Oktoba ya mwaka huohuo jagi likanadiwa tena, safari hii London, kwa Christie's, likiitwa kwa jina lake la kweli: jagi la bilauri la Misri ya makhalifa wa Kifatimi, lenye umri wa miaka elfu moja hivi. Likauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Habari hii husimuliwa kama kichekesho cha mjuzi aliyepitiwa. Mimi simcheki. Jagi lilikuwa limevishwa mfuniko na vipambo vya dhahabu na rangi vya sonara Mfaransa, Jean-Valentin Morel, mwaka 1854. Yule bwana wa orodha akasoma kofia, akadhani amesoma uso. Zaidi ya hapo, alidanganywa na fundi. Kuna mtu Cairo alilikwangua jiwe mpaka likawa jepesi na angavu kiasi cha kupita mbele ya macho ya karne ya 21 kama kioo kilichopulizwa. Kosa lile, ukinipa ruhusa ya kupindua kesi, ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa fundi yule.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu yetu ya kulikodolea macho jagi hili. Kwetu bilauri ni glasi ya maji. Bibi yangu alikuwa nazo sita, zenye maua ya kuchorwa, ndani ya kabati la vioo, na hazikutoka mle ila kwa mgeni. Sisi watoto tulikunywa kwenye vikombe vya bati. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba neno lenyewe, kwa Waarabu tuliolichukua kwao, ni jina la jiwe: lile jiwe lisilo na rangi, lipenyezalo mwanga, liotalo ardhini kwa pande sita kama kalamu ya risasi. Glasi iliazima jina kwa kufanana na jiwe. Kisha mwenye jina akasahauliwa, akabaki mwazimaji. Kwa hiyo yule bwana wa Crewkerne alirudia tu, bila kujua, mkanganyiko ambao lugha yetu iliufanya zamani.

Mkanganyiko wenyewe una haki. Mchanga unaoyeyushwa kutengeneza kioo na jiwe la bilauri ni ndugu wa tumbo moja, silika kwa silika. Tofauti iko katika namna ya kuviumba. Kioo ni kazi ya moto na pumzi: fundi huchovya bomba tanuruni, hupuliza, huzungusha, na kabla chai yako haijapoa chupa imezaliwa. Tumbo la chupa ni pumzi ya mtu iliyozungushiwa ukuta. Bilauri haikubali kupulizwa. Ukitaka jagi la bilauri lazima uwe na bonge zima lililo kubwa kuliko jagi, safi, lisilo na ufa wala ukungu, kisha utoe kila kisichokuwa jagi, punje kwa punje, nje na ndani. Mkono wa jagi nao umo katika bonge hilohilo. Nafasi unayopitishia vidole, kati ya mkono na tumbo, ilikuwa jiwe. Kuna mtu alikaa akalisaga mpaka vidole vyako vikapata njia.

Kipimo cha ugumu wa madini alichokiweka Mohs kinaipa bilauri 7. Kisu cha chuma kiko chini yake, kwa hiyo kinateleza tu na kuacha alama ya aibu. Yakuti iko 9. Ndipo siri ilipo: jiwe hili hukatwa kwa jiwe jingine. Fundi aliponda mawe ya jamii ya yakuti, yale meusi mabaya yasiyofaa pete, akapata unga mkali kama msasa, akauchanganya na maji au mafuta, akaupaka kwenye ncha ya chombo. Chombo chenyewe kilikuwa cha kuzungusha, kama keekee.

Nimeiona keekee ikifanya kazi Matondoni, kisiwani Lamu, kwa fundi wa majahazi aliyekuwa akitoboa ubao apitishe msumari. Mkono wa kushoto umeshika kichwa cha keekee, wa kulia unavuta na kurudisha uta, kamba inazungusha msukano mbele, nyuma, mbele, nyuma, na vumbi la mbao linashuka kama unga wa mahamri. Nilimwuliza anajuaje kwamba yuko karibu kutokeza upande wa pili. Akasema sauti hubadilika. Alisema hivyo bila kuacha kuvuta uta, kwa namna ya mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba ana njaa.

Basi mchukue fundi huyo, mnyang'anye ubao, mpe jiwe gumu mara nyingi zaidi. Mwambie atoboe kutoka juu, katika shingo nyembamba, ashuke; halafu akiwa chini apanue tumbo lenye umbo la pea kwa vyuma vilivyopindwa, akifanya kazi pembeni mahali ambapo mkono haufiki. Ukuta ubaki mwembamba, pengine usizidi milimita mbili. Jiwe linapokwanguliwa hugeuka jeupe kama dirisha lenye mvuke, kwa hiyo hata uangavu wake haumsaidii. Akilimwagia maji linafunguka kidogo, anachungulia, likikauka linafumba tena. Na kila mzunguko anasikiliza. Akipitiliza kwa unene wa ukucha, hakuna kiraka. Mbao hutiwa kiraka, fedha huyeyushwa upya, nguo hutarizwa juu ya tundu. Hapa miezi ya kazi inaisha kwa mlio mmoja mdogo.

Naye bado hajaanza kunakshi. Jagi la aina hii lililoko Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, waliolipata mwaka 1862, lina urefu wa kiasi cha sentimita 20, na ubavuni mwake ndege mkubwa wa mawindo amemrukia mnyama mwenye pembe. Hili la mnadani lina duma waliofungwa minyororo. Wanyama hawa hawakubandikwa. Wamesimama kwa sababu ardhi yote iliyowazunguka imeshushwa kwa gurudumu dogo na unga uleule, kwenye ukuta ambao tangu hapo ulikuwa mwembamba. Miilini mwao kuna mistari ya vitone vilivyochimbwa kwa ncha ya keekee, kimoja baada ya kingine, vikifuata mgongo na paja. Niliposimama mbele ya lile la London nilijikuta nahesabu vitone badala ya kumtazama ndege. Kila kitone ni mahali ambapo jagi lingeweza kupasuka na halikupasuka. Na kulikuwa na kioo cha kabati kati yangu nalo, kioo halisi, kikililinda jiwe lililofanana nacho.

Sasa, jiwe lilitoka wapi? Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11 aliyeandika kitabu kizima juu ya vito, anasema bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj na Dibajat, yaani pwani yetu na visiwa vya upande wa Maldivi. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika Cairo karne hiyohiyo, aliwaona mafundi wa bilauri wakifanya kazi katika soko la taa, naye akataja jiwe la Maghreb na jiwe la upande wa Bahari ya Shamu. Soko lilikuwa na milango mingi. Lakini mlango wa Zanj si hadithi ya kujipendekeza: waakiolojia wameokota vipande vya bilauri katika magofu ya pwani, na wapo waliojenga hoja kwamba jiwe la Wafatimi lilitoka Afrika Mashariki, katika ukanda unaoanzia Kenya mpaka Madagaska. Tumezoea kuhesabu pembe za ndovu, dhahabu ya Sofala na boriti za mikoko, na katika hesabu hiyo bilauri haitajwi. Nadhani ni kwa sababu haikuacha kitu kwetu cha kutazama. Ilipakiwa jahazini ikiwa bonge chafu lenye udongo, na uzuri wake ukaja kuonekana kwenye bandari ya watu wengine.

Kuna jambo katika maelezo ya al-Biruni ninalolipenda kuliko yote. Anasimulia kwamba pale Basra kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulikadiria jiwe. Analigeuzageuza bonge, anatazama umbo lake na kasoro zake, anaamua kitu bora kinachoweza kutoka humo, kisha anaandika uamuzi wake juu ya jiwe lenyewe na kulipitisha kwa wakataji. Ujira wake ulikuwa mara kadhaa ya ujira wao. Sijui kama wakataji waliona ni haki, mimi ningenung'unika. Ila najaribu kumfikiria asubuhi moja, bonge la Zanj likiwa mapajani, kalamu mkononi, akitafuta jagi ambalo bado halipo. Akiandika jagi na ndani kuna ufa usioonekana, amewatupia wenzake miezi ya jasho baharini. Akiogopa na kuandika kikombe, amelikata jiwe la mfalme kwa kipimo cha raia.

Majina yao hatuna. Jagi lililoko Basilika la Mtakatifu Marko, Venice, limeandikwa jina la Khalifa al-Aziz Billah, aliyetawala Cairo kuanzia 975 hadi 996. La Florence lilibeba jina la Husayn bin Jawhar, mkuu wa majemadari na mwana wa jemadari aliyeiteka Misri. Wenye kumwagiwa maji wameandikwa, aliyetoboa hakuandikwa. Kisha miaka ya 1060 hazina ya Wafatimi ikaporwa na askari wao wenyewe waliokosa mishahara, na vyombo vikatawanyika. Baadhi ya bilauri zile zikaishia makanisani Ulaya, zikatunza masalia ya watakatifu. Padri hakuweza kusoma maandishi ya Kiarabu, lakini alielewa kwamba chombo kisichoficha kitu kinafaa kuwekewa kitu kitakatifu. Majagi makubwa ya aina hii yanahesabiwa saba tu duniani.

Au sita na nusu. Mwaka 1998 lile la Florence lilimponyoka mfanyakazi wa makumbusho, likavunjika vipande vipande. Lilikuwa limevuka uporaji wa Cairo, bahari, vita na mabwana wasiohesabika kwa miaka elfu. Kila nikifikiria sekunde ile sijui nimwonee huruma nani kwanza, jagi au yule mtu aliyebaki ameinua mikono mitupu. Lakini fundi wa Cairo angeitambua ile sauti. Aliishi akiisubiri kila siku.

Ndiyo maana bei za mnada hazinisisimui sana, ingawa nimeanza nazo kama kila mtu. Pauni 100 na pauni milioni 3 zilitamkwa juu ya jagi lilelile ndani ya mwaka mmoja, na katikati hakuna aliyelitia hata mkwaruzo. Nyundo hupima tamaa ya watu wawili wa mwisho waliobaki wameinua mikono. Aliyelinunua jagi lile la mnadani alilifikisha kwenye mkusanyiko wa Keir, ambao sasa umeazimwa Makumbusho ya Dallas, Marekani, na huko angalau watoto wa shule hupita wakalitazama.

Nami ninalo bonge langu. Nililinunua Arusha kwa dalali wa mawe ambaye alikuwa akitaka kuniuzia tanzanaiti na akashangaa nilipoulizia kile kitu kilichokuwa kimezuia mlango wake usijifunge. Ni bilauri, ina uzito wa karibu kilo moja, pande sita, mguu wake umekwaruzwa na sakafu. Alinionyesha namna ya kuhakikisha: weka shavuni. Kioo hupata joto lako upesi; bilauri hubaki baridi kama imetoka mtungini, na Warumi wa zamani, Pliny akiwemo, waliamini ni barafu iliyoganda mpaka ikasahau kuyeyuka.

Limekaa mezani pangu miezi kadhaa. Jioni nikiwasha taa huligeuza na kutafuta jagi. Halimo. Theluthi moja kutoka chini kuna ufa unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na juu yake ukungu kama maziwa yaliyomwagika. Upande mmoja tu, karibu na ncha, kuna nafasi safi ya ukubwa wa kidole gumba. Juzi nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika juu yake, kwa herufi ndogo: kichupa cha manukato, shingo fupi, bila mkono.