Juu ya Neno la Kant Kuhusu Ujuzi na Imani

Katika maneno yote ya Immanuel Kant, yamkini hapana lipendwalo na watetezi wa dini kuliko lile lililomo katika dibaji ya mwaka 1787, alipokitoa mara ya pili kitabu chake kikubwa cha kuipima akili safi, kilichotoka kwanza mwaka 1781. Asema pale ya kuwa ilimlazimu kuuondoa ujuzi ili apate mahali pa imani. Mhubiri asomapo hayo hufurahi. Humwona mwana-falsafa mkubwa wa Ulaya amepiga magoti na kukiri ya kuwa akili haifiki, na tangu hapo kila fundisho la Kanisa laweza kuingia mlangoni pasipo kuulizwa habari. Nia yetu ni kuonyesha ya kuwa furaha hiyo imepita kiasi, na ya kuwa sehemu kubwa ya kosa yatokana na tafsiri ya neno moja.

Neno lenyewe kwa Kijerumani ni aufheben. Wafasiri wa Kiingereza hawakupatana. Meiklejohn, mwaka 1855, alitumia neno la kufuta. Kemp Smith, mwaka 1929, alichagua kukana, na wengine wamemfuata. Kwetu sisi kukana ni neno baya hapa. Mtu hukana alijualo, kama Petro alivyomkana Bwana wake uani. Na asomaye ya kuwa Kant aliukana ujuzi hudhani alikuwa nao mkononi, akautupa kwa ajili ya dini. Wako na waliosoma Hegel, ambao hukumbusha ya kuwa neno hilo lina maana mbili, kukomesha na kuhifadhi. Lakini mchezo huo ni wa Hegel, nao haufai kurudishwa nyuma kwa mtu aliyemtangulia. Afadhali kumwendea Luther. Katika Biblia yake, Warumi 3:31, Paulo aulizapo kama sheria yaondolewa kwa imani, kitenzi ni hicho hicho. Na Biblia yetu ya Union Version imeandika hapo kubatilisha. Hatusemi ya kuwa Kant aliukusudia mstari ule, ingawa alilelewa na wazazi wa Kipietisti waliokuwa watu wa Biblia. Twasema tu ya kuwa neno la Kiswahili limekwisha kupatikana, nalo ni neno la barazani. Hati hubatilishwa, na wasia, na dai.

Na mfano wa baraza ni wake Kant mwenyewe. Katika dibaji ya 1781 aiita akili iketi kitini pa hukumu juu ya nafsi yake, iyathibitishe madai yake yenye haki, na iyatupe yasiyo nayo. Wadai ni nani? Ni wana-metafizikia wa shule ya Christian Wolff (1679–1754) na wenzao, waliosema ya kuwa kwa hoja tupu wajua ya kwamba nafsi haifi na ya kwamba Mungu yuko. Kant ajibu ya kuwa ujuzi wa binadamu wahitaji vitu viwili pamoja, yaani yale yaletwayo na hisi, na zile fikira ambazo kwazo fahamu huyapanga. Mizani isiyowekewa kitu haipimi kitu, hata ikiwa imetengenezwa vizuri namna gani. Basi, kilichobatilishwa si hesabu, wala si elimu ya Newton juu ya mwendo wa nyota. Hayo aliandika ili kuyatia nguvu, baada ya Hume kuitilia shaka nguvu ya sababu na matokeo yake. Kilichobatilishwa ni hati ya shamba ambalo hapana aliyelikanyaga.

Tena hukumu hii yakata pande mbili. Asemaye kwa yakini ya kuwa hakuna Mungu, naye hati yake ni batili. Hapo mhubiri ana haki ya kufurahi, ila na alipe gharama yake, maana hoja zile za kale za kuthibitisha kuwako kwa Mungu zaenda pamoja na hoja za mpinzani. Kant ataja fedha mia, thala za nchi yake. Mia nizifikirizo hazipungui hata moja kwa hesabu kuliko mia zilizomo mfukoni. Walakini hali yangu ya utajiri si moja. Kwa kulifikiri jambo kuwa kamilifu hatupati bado kuwako kwake.

Imani yenyewe, je? Hapa yafaa tufungue karibu na mwisho wa kitabu, mahali pasiposomwa sana. Kant atofautisha kudhani, kuamini, na kujua. (Ndiyo maana twapenda ujuzi kuliko elimu au maarifa katika tafsiri, vitenzi vitatu vyasimama pamoja.) Ajuaye ana sababu zimtoshazo yeye na zitoshazo kwa watu wote. Adhaniye hana hizi wala zile. Aaminiye ana zimtoshazo yeye, lakini hawezi kumlazimisha mwingine. Atoa mfano wa tabibu mbele ya mgonjwa aliye hatarini: hajui ugonjwa, hutazama dalili, huamua ya kuwa ni kifua kikuu; mwingine huenda angeamua vema zaidi, lakini kutenda hapana budi. Tena asema ya kuwa imani ya namna hiyo hupimwa kwa kuwekeana dau. Mtu mshupavu wa maneno yu tayari kuweka dukati moja. Akiambiwa kumi, husita.

Lakini imani katika Mungu kwake si ya dau. Yatoka katika wajibu: aliye chini ya amri ya kutenda mema hawezi kuacha kutumaini ya kuwa wema na heri vitakutana mwisho. Kwa hiyo, asema Kant, nisiseme hata kwamba ni hakika Mungu yuko, bali kwamba mimi nina hakika. Kiswahili chapokea tofauti hii pasipo taabu, ni hakika na nina hakika, na mwalimu aweza kuieleza darasani kwa ubao na chaki tu. Heinrich Heine alifanya mzaha, mwaka 1834, ya kuwa Kant alimrudisha Mungu kwa kumhurumia Lampe, mtumishi wake mzee. Mzaha mzuri, lakini si kweli. Hoja hiyo imo tayari katika kitabu cha 1781.

Sasa twaona shida. Kanuni ya Imani nayo huanza kwa nafsi ya kwanza, mtu mmoja akisema yeye anaamini, Kant angekubali. Lakini baada ya neno hilo yafuata habari: kuzaliwa, kuteswa, na jina la Pontio Pilato. Juu ya habari hizo imani ya Kant hainenei. Katika kitabu chake cha dini cha mwaka 1793 aziweka katika imani ya kanisa, ambayo kwake ni chombo tu cha kuichukulia imani safi ya akili. Chombo chaweza kuheshimiwa. Lakini msafiri akifika hushuka. Mkristo aaminiye ya kuwa Neno alifanyika mwili hawezi kukubali kushuka.

Wakubwa wa Prusia walilifahamu jambo hili kuliko wahubiri wetu. Mwaka 1794 ilimfikia Kant barua kwa jina la mfalme Friedrich Wilhelm wa Pili, yenye sahihi ya waziri Wöllner, ikimshitaki kwa kuyapotosha na kuyashusha mafundisho makuu ya Maandiko. Kant, mzee wa miaka 70, aliahidi, akiwa raia mwaminifu wa mfalme huyo, kutosema tena juu ya dini. Mfalme alikufa mwaka 1797. Mwaka 1798 Kant alizichapa barua zote mbili, akaeleza ya kuwa yale maneno ya uraia aliyachagua kwa makusudi, ili ahadi isidumu kupita maisha ya mfalme.