Mnada Ulioua Mapatano ya Devil Survivor

Saa za kwanza za Devil Survivor zimepangwa vizuri mno, ndiyo maana kinachofuata kinauma. Vijana watatu wako Shibuya, wanawasha COMP, kompyuta za mkononi walizopewa na Naoya, binamu wa shujaa, mapepo wanachomoka, wanapambana nao, na mapepo walioshindwa wanakubali kuwatumikia. Hapo mwitaji na pepo wamepimana nguvu, kisha wakafunga mkataba. Muda si mrefu COMP inafunguliwa programu ya mnada, na kuanzia hapo pepo ni bidhaa ya rafuni.

Atlus walitoa mchezo huu mwaka 2009 kwenye Nintendo DS, na mengi waliyoyafanya yanastahili sifa. Skill Crack, inayokulazimisha umuue adui fulani kwa mkono wa kiongozi fulani ili upate ujuzi fulani, ni kazi ya ustadi. Zamu ya ziada kwa anayepiga udhaifu wa adui inafanya kila pambano liwe hesabu. Bosi Beldr asiyedhurika ila kwa Devil's Fuge bado ni kipimo cha mchezaji. Lakini kuubadilisha mwito wa mapepo kuwa mnada lilikuwa kosa la wazi, na nashangaa bado kuna wanaoliita ubunifu.

Mnada wenyewe mnaujua. Unafungua orodha, kila pepo na ngazi yake, ujuzi wake na bei ya kuanzia. Unachagua, unatia dau la macca, fedha ya mchezo, wapinzani nao wanatia ya kwao, sekunde zinakatika, mwenye dau kubwa anaondoka na pepo. Ukinunua sana nyota zako zinapanda, na zikipanda unaonyeshwa mapepo wazito zaidi. Pepo hana sauti yoyote katika kuamua amtumikie nani. Hakuulizi umetoka wapi, umemuua nani wa jamii yake, wala unamwitia nini. Ana bei, basi.

Wanaoutetea husema mnada unaendana na hadithi: mji umefungwa, watu wananyang'anyana kila kitu, kwa nini mapepo nao wasiuzwe? Hoja ingekuwa na uzito kama macca ingekuwa adimu, nayo si adimu. Tazameni mchezo unavyohesabu vitu vyake. Jeshi limefunga eneo lote ndani ya mzingo wa reli ya Yamanote. Umeme umekatika, chakula kinaisha. Juu ya kichwa cha kila mtu shujaa anaona tarakimu ya siku alizobakiwa nazo. Kila tukio kubwa linakula nusu saa, hivyo ukienda kumwona mwenzako Keisuke huenda usimwahi mwingine, Midori, na anayekufa kwa kuchelewa kwako amekufa. Saa ndiyo sarafu ya kweli hapa, na sijaona mchezo mwingine wa mbinu wa enzi ile uliomfinya mchezaji kwa saa kwa ukali huu.

Lakini Free Battle haigusi saa! Unarudi uwanja uleule mara utakazo, tarehe na dakika zimesimama, unavuna macca mpaka uchoke. Kisha unaingia mnadani na kumzidi kila mpinzani. Katika mchezo ambao kila kitu kina uchungu wa uhaba, jambo kubwa kuliko yote, kumwita kiumbe wa ulimwengu mwingine aje akupiganie, limewekewa malipo ya kitu pekee kisicho na uhaba. Kizuizi kilichobaki ni ngazi ya shujaa, kwa kuwa huwezi kumiliki pepo aliyekuzidi ngazi, na hiyo nayo hupandishwa kwa Free Battle zilezile. Waliobuni mnada na waliobuni saa walikuwa chini ya paa moja, lakini mifumo yao haikukutana.

Wakongwe wangeliona hili. Shin Megami Tensei ya mwaka 1992 kwenye Super Famicom, ya ukoo uleule wa Devil Survivor na iliyoongozwa na Kouji Okada, ilimfanya pepo kuwa mgumu kumpata na ghali kumtunza. Ulisimama korido, ukachagua kuzungumza badala ya kupiga, na kuanzia hapo hukujua litakalotokea. Alidai fedha. Ukampa, akadai tena. Alikuuliza swali ambalo jibu lake lilimpendeza huyu na kumkasirisha yule. Pengine alichukua ulichompa akatoweka. Ukiegemea upande wa Sheria, wa upande wa Machafuko hawakukubali mwito wako. Na hata baada ya kukubali, kila hatua uliyotembea naye ilikula magnetite yako, nishati ya kuwalisha mapepo, na ikiisha, mapepo wako walianza kupoteza uhai miguuni pako. Mwito ulikuwa deni linaloendelea. Kila pepo uliyembakiza alikuwa uamuzi uliofanywa upya hatua kwa hatua.

Na hiyo ndiyo asili ya ukoo wote huu. Aya Nishitani alipoandika riwaya yake ya Digital Devil Story mwaka 1986, mwanafunzi Nakajima aliyeandika programu ya kuita mapepo alidhani kompyuta imempa utawala, kumbe aliyemwita alikuwa na matakwa yake. Mchezo wa Famicom uliofuata mwaka 1987 ulirithi wazo hilo. Msomaji aliyewahi kushuhudia ngoma ya pepo hahitaji kuelezwa: fundi haendi kununua, anauliza. Pepo akishapanda kichwani kwa mwele ndipo anaulizwa jina lake na anachotaka, na asiporidhishwa hakuna ngoma itakayomtuliza. Devil Survivor inatumia mapepo walewale waliochorwa na Kazuma Kaneko, wenye nyuso za majivuno na hasira, halafu inawafunga midomo.

Kuna anayesema mazungumzo hayawezi kuingia kwenye mchezo wa mbinu wa miraba kwa sababu yatavunja mwendo wa uwanja. Nakataa, na nakataa kwa kutumia kanuni za mchezo huuhuu. Kila kikosi kina kiongozi na mapepo wawili ubavuni. Kiongozi akianguka, kikosi kizima kinafutika, hata kama wa ubavuni hawajapata mkwaruzo. Tayari mchezaji ana uamuzi mzuri pale: ama amalize kiongozi haraka asonge mbele, ama aanze na wa ubavuni avune uzoefu na macca zaidi huku akihatarisha zamu. Njia ya tatu ilikuwa imelala wazi. Kiongozi ameanguka, na badala ya kufutika naye, pepo wa ubavuni amebaki peke yake, amekosa bwana. Zungumza naye. Tayari kikosi kilichotenda mengi hucheleweshwa kurudi kwenye zamu, basi kinachozungumza kicheleweshwe zaidi.

Fikirieni uzito wake. Uko kwenye lile pambano la kuokoa raia, mmoja anakimbizwa kona ya pili. Mbele yako pepo wa jamii uliyoitamani tangu jana, mwenye uwezo wa uwanjani utakaobadilisha kikosi chako chote, yuko tayari kusikiliza. Ukizungumza utachelewa zamu moja. Usipozungumza unampoteza. Hapo saa, uwanja na mwito vingekuwa jambo moja, na raia aliyekufa angekuwa sehemu ya bei ya pepo huyo. Macca ya mnada haiwezi kamwe kununua uzito huo.

Ugonjwa huu haukuanza hapa. Persona 3 ya mwaka 2006, ya ukoo huuhuu, ilikuwa imeshaondoa mazungumzo na kuweka kadi za kuchagua baada ya pambano, na Persona 4 ya 2008 ikafuata nyayo. Nililaumu wakati ule na bado nalaumu. Sitasahau kwamba kabla ya kipindi hicho tulikuwa tumeshapewa Shin Megami Tensei: Nocturne, mwaka 2003, ambayo ilileta mfumo mpya kabisa wa zamu, Press Turn, bila kugusa mdomo wa pepo hata mmoja. Ubunifu mkubwa ulifanyika na mapatano yakabaki. Hata Persona yenyewe ilirudi kuzungumza na mapepo katika Persona 5 ya mwaka 2016, na yale mazungumzo ya kumzingira adui aliyeanguka, silaha zimemwelekea, yanakaribiana sana na kile ambacho Devil Survivor ingeweza kufanya miaka saba kabla.

Walipata nafasi ya kurekebisha, tena si mara moja. Devil Survivor 2 ya mwaka 2011 ilileta miji mipya ya matatizo na maadui wapya, mnada ukabaki. Mwaka huohuo toleo la Overclocked kwenye 3DS liliongeza sauti za waigizaji, likaongeza siku ya nane kwa baadhi ya njia, na hatimaye likaondoa ile aibu ya nafasi moja tu ya kuhifadhi mchezo, iliyowafanya wengi wetu tuanze upya kutoka Shibuya kwa kosa moja. Lakini pia liliongeza daftari la kuandikisha mapepo, na daftari nalo hulipiwa macca. Kwa hiyo hata pepo uliyemuunganisha mwenyewe, ukampanga ujuzi kwa uangalifu, kisha ukamtoa kwa muungano mwingine, unamrudisha kwa fedha za Free Battle ambazo saa haikukutoza hata dakika moja.