Saanane: jina la mvuvi lilivyodumu

Ukisimama Capri Point ukatazama ziwani, Kisiwa cha Saanane kiko karibu kiasi cha kuona mawe yake yalivyopandana. Wengi wetu Mwanza tumepelekwa huko na shule au na wazazi siku ya sikukuu, tukawafukuza pimbi na kupiga picha na swala. Wanaojua kwamba Saanane ni mtu si wengi. Ni Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makazi kisiwani hapo hadi mwaka 1964, alipoondoka kupisha bustani ya kwanza ya wanyama nchini.

Hebu tuangalie jina hilo lilivyodumu. Hifadhi ya Nyerere ina jina la rais, na Rumanyika-Karagwe ina jina la mfalme. Hao walienziwa kwa makusudi: wakubwa walikaa, wakachagua jina, wakalitangaza. La Saanane halikuchaguliwa na mkubwa yeyote. Lilikutwa pale pale, kwa sababu kisiwa kilijulikana kwa mwenyewe, kama mtaani tunavyosema “kwa fulani”.

Kisha serikali ikalibeba. Kisiwa kiliifaa bustani kwa sababu maji yenyewe ni uzio. Waliletwa wanyama kutoka mbali, nyati na faru wakiwemo, na wengine walipitia hapo wakielekea Rubondo. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Hadhi ilibadilika, bango likabadilika, jina likabaki. Laiti ofisa mmoja tu angependelea “Hifadhi ya Ghuba ya Mwanza”, leo mzee huyu angekuwa amesahaulika kabisa.

Linganisha na Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki Januari 1959 ndege yake ilipoanguka wakati wa kazi ya kuhesabu wanyama Serengeti. Yeye amejengewa kaburi la mawe ukingoni mwa Ngorongoro, na maandishi yanaeleza alichokifanya. Ila lazima msafiri ashuke garini asome. Saanane hahitaji msomaji. Anatajwa na kila anayekata tiketi na kila nahodha anayeita abiria. Kwa kudumu midomoni, mvuvi amemshinda rubani. Kwa kueleweka, ameshindwa vibaya.

Hapo ndipo kazi ilipoishia njiani. Maelezo ya kawaida ya watalii humpa Mzee Chawandi sentensi moja, kisha yanahamia kwa swala. Mtu aliyelima katikati ya majabali yale na kuvua kwenye ziwa la furu na ningu, kabla sangara hawajalitawala miaka ya 1980, alijua mambo ambayo hifadhi ingefaidika nayo: udongo uko wapi kati ya mawe, upepo unageuka saa ngapi, samaki walizaliana ufuko gani. Alikula nini na watu wa nyumbani kwake, na waliondoka vipi, nayo ni sehemu ya historia ya kisiwa, tena kwangu ina uzito kuliko orodha ya wanyama walioletwa kwa boti.

Na si utafiti wa kutisha. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Mhifadhi mmoja akiongozana na wazee wa ukoo anaweza kupazunguka akiuliza nyumba ilikaa wapi, shamba lilianzia jiwe gani, na mwalo wake ulikuwa upande upi.