Sumaku Si Maabara

Mliokuwepo kwenye ile gereji ya Bungoma mnajua ni dakika gani ninayoisema. Lori la mahindi limeshuka kutoka Kitale likitoa moshi mweusi, tabo (turbochaja ya injini) imefunguliwa, na bawa moja la gurudumu la turbini limemegeka ncha. Fundi akatoa sumaku, akaigusisha, haikunata. "Stenlesi hii," akatangaza, kisha akachukua fimbo ya stenlesi akaijazia ile ncha. Gurudumu lilikufa hapo, hata kabla mashine ya kuchomelea haijazimwa.

Sumaku kutonata kuna maana moja tu: hicho si chuma cha kawaida. Magurudumu mengi ya tabo za dizeli humiminwa kwa Inconel 713C: nikeli yenye kromi asilimia 12 hivi, molibdeni 4, niobi 2, na alumini 6. Alumini ndiyo yenye kazi. Aloi ikipoa, hujitenga ndani yake vijichembe vya gama praimu, atomu tatu za nikeli kwa kila moja ya alumini, vikajaza zaidi ya nusu ya gurudumu zima. Chuma hulegea kikipashwa moto. Vijichembe hivi huzidi kukaza joto likipanda hadi karibu nyuzi 800. Ndiyo maana bawa jembamba hivyo linazunguka karibu mara 100,000 kwa dakika katikati ya moshi wa moto na halinyooki kama mpira. Na Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tabo hulazimika kukimbia zaidi.

Sasa lete moto wa fimbo. Pembeni mwa weldi gama praimu inayeyukia ndani ya nikeli, na kwenye mipaka ya fuwele sehemu zenye kiwango cha chini cha kuyeyuka zinageuka majimaji. Moto ukiondoka, gama praimu inarudi haraka, chuma kinakakamaa wakati uleule weldi inaposinyaa na kukivuta. Nyufa haziepukiki. Ile ncha mpya nayo haina gama praimu hata chembe. Ni stenlesi laini iliyopewa kazi isiyo yake.

Kuna aliyeniuliza palepale: mbona kiwandani gurudumu huunganishwa na shafti kwa kuchomelewa? Huunganishwa, ndiyo, kwa msuguano au kwa mwale wa elektroni, kwenye kitovu kinene kilicho mbali na makali ya moto. Si kwenye ncha ya bawa, kwa fimbo ya dukani.



Tatizo la kuchomelea si geni. Herbert Eiselstein wa kampuni ya International Nickel alilitatua mwishoni mwa miaka ya 50 kwa Inconel 718: alipunguza alumini, akaongeza niobi, ili vijichembe vya kukaza vijitenge polepole na weldi ipate nafasi ya kutulia. Alianzia kwenye mchanganyiko, ndipo akafikia moto. Na wahunzi wa Samia, waliowauzia majirani zao majembe kabla ya reli, walijua mawe yao kabla ya kuyatia moto. Hawakuwa na cheti. Vijana wetu wanacho, lakini nimeshasema hapa hadi nikachosha watu: vyuo vinawafundisha chuma na kaboni, basi, kana kwamba nikeli haijafika magharibi ya Kenya.

Nasikia watu wakimtetea fundi kwa sababu injini iliwaka na tabo ikavuta. Ilivuta gereji, bila mzigo, moshi ukiwa vuguvugu. Lijazeni mbolea lori hilo, lipande kutoka Webuye kupitia Kiminini hadi Kitale na gia nzito, halafu mfungue tabo tena mbele yangu.