Vikaragosi vya XYZ na Lugha ya Amri

Mara nyingi walimu wenzetu wa Arua na Koboko hutuuliza: ni kitu gani tuwasikilizishe wanafunzi ili wakipende Kiswahili? Hotuba huwachosha, na taarifa za habari huwapita kwa kasi. Jibu letu safari hii huenda likawashangaza baadhi yao. Twapendekeza mchezo wa vichekesho, nao ni *The XYZ Show* wa Nairobi.

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa Kenya mwezi wa Mei 2009, katika televisheni ya Citizen. Mwanzilishi wake ni mchoraji wa katuni Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Haukuwa mali ya kituo cha televisheni. Ulitayarishwa na kampuni ndogo ya Buni Media, na sehemu zake nyingi ziliwekwa kwenye intaneti. Mwalimu mwenye simu na spika moja aweza kuuleta darasani. Wachezaji wake ni vikaragosi vya mpira vyenye sura za wakubwa: Moi, Kibaki, Raila Odinga na wengineo. Fani hii haikubuniwa Nairobi. Waingereza walikuwa na *Spitting Image* tangu 1984, na Wafaransa *Les Guignols de l'info*. Lakini kuivika fani hiyo sura na sauti za Afrika Mashariki ni kazi ambayo Gado na wenzake wastahili kupewa sifa yake.

Mzaha wenyewe huanzia kwenye majina. Mtangazaji wa mchezo ni kikaragosi aitwaye Keff Joinange, na kila Mkenya alimtambua mara moja mtangazaji maarufu Jeff Koinange. Sauti za mwanzo za majina mawili zimebadilishana mahali, basi, hakuna zaidi. Hata hivyo, katika badiliko hilo dogo mna somo zima la sauti na silabi, ambalo mwanafunzi atalikumbuka kwa kuwa amelicheka.

Sababu yetu kubwa, hata hivyo, si somo la silabi. Yahusu historia ya lugha hii kwetu. Hapa Vurra Kiswahili kimeingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mpaka, ambapo wachuuzi wa Kongo na wa kwetu hupatana bei. Wa pili ni kambi ya jeshi. Tangu enzi za ukoloni, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, alikitangaza kwa amri. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na baadhi yao waliondoka na maneno machache ya Kiswahili waliyoyasikia vizuizini: simama, kaa chini, leta. Si ajabu basi kwamba wazee wengine bado huisikia lugha hii kwa masikio ya hofu. Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, hofu hiyo haikufutika kwa uamuzi huo. Huenda neno lenyewe "lazima" liliwakumbusha mengine.

Hapo ndipo XYZ hutufaa. Katika mchezo huu mkubwa hatoi amri. Yeye ndiye anayechekwa. Anajikanyaga, anaahidi, anasingizia, anajitetea. Nasi walimu twajua kwamba mwenye kuamuru hahitaji sarufi nyingi, mzizi wa kitenzi humtosha. Lakini mwenye kujitetea huhitaji "ningejua", "nisingalikubali", "laiti" na "ingawa". Kejeli huilazimisha lugha itoe hazina yake yote. Mwanafunzi wa Vurra akiona kikaragosi cha mtawala kikihangaika hivyo, atatambua kwamba Kiswahili si mali ya mwenye bunduki. Ni mali pia ya raia anayemcheka.

Hatusemi kwamba mchezo hauna dosari. Wahusika huchanganya Kiswahili na Kiingereza bila kuona haya, na pengine Sheng huingia katikati. Atafutaye Kiswahili sanifu asilitafute humo. Tena, mizaha mingi yahusu serikali ya mseto iliyoundwa Kenya mwaka 2008 na mambo yaliyoifuata, asiyeyajua hatacheka. Zaidi ya hayo, kufananisha watu kwa lafudhi za makabila yao ni silaha yenye makali mawili, na darasani lazima mwalimu aizungumzie waziwazi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mwalimu achague sehemu fupi, aitazame kwanza peke yake, kisha aeleze darasani nani ni nani. Baada ya kuitazama pamoja, wanafunzi wazigeuze sentensi zilizochanganywa ziwe Kiswahili fasaha, wakiulinda ucheshi usipotee. Zoezi hilo ni gumu kuliko lionekanavyo, maana sentensi iliyosahihishwa isipochekesha tena, kazi haijakamilika. Mwishowe, watunge mchezo wao wenyewe juu ya mkubwa wa kubuni wa kijijini, kwa vikaragosi vya matambara au maboksi.

Kicheko hakitafuta yaliyopita. Lakini mtoto aliyekwisha kucheka kwa Kiswahili hatakuwa na sababu ya kukiogopa.