Kufunga Gavana kwa Waya Hakuongezi Nguvu

Mliokuwa kwenye ile siku ya wakulima huko Tetu mliona kazi safi, kisha mkaona kosa ambalo halikuhitaji hata dakika mbili. Injini ilikuwa Honda GX160 ya zamani, inayozungusha mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, na kila napia ilipoingia ilitoa moshi mweusi, ikazama, ikazimika. Fundi aliosha tangi, akabadilisha oili na kupima vali injini ikiwa baridi, 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa. Hapo hakukosea kitu. Halafu akakata kipande cha waya, akaufunga mkono wa gavana ili mlango wa kabureta ubaki wazi. Injini ikanguruma, watu wakapiga makofi, na mwenye mashine akaambiwa sasa ina nguvu.

Haikuwa na nguvu. Ilikuwa na mbio tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tuitazame gavana yenyewe. Ndani ya tumbo la injini mna vizito vidogo vinavyozunguka. Injini ikikimbia, vizito hutanuka na kuufunga mlango wa kabureta. Ikielemewa na mzigo, vinalala, springi inavuta, mlango unafunguka. Sasa niambieni: napia ilipoingia na injini ikaanza kuzama, mlango ulikuwa wapi? Ulikuwa wazi tayari, wazi kabisa, kwa sababu gavana ilikuwa imeshaufungua. Hapakubaki hata milimita moja ya kuongeza. Waya haukuongeza chochote pale injini ilipolemewa. Ulichofanya ni kuiachia ikimbie ovyo mashine ikiwa tupu, yaani wakati ule ule mliopiga makofi.

Na mbio zile zina bei. Injini ya aina hii hufanya kazi karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika. Ipandishe hadi 4,500: mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu inayotaka kukichomoa kisu kwenye gurudumu hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo bolti za visu sasa zinabeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo wao. Anayesimama mbele ya visu hivyo jioni ni mama wa boma au kijana aliyetoka shule. Ndani nako, konrodi ni ya aluminiamu. Ikikatika kwa mwendo huo hutoboa tumbo la injini, na tumbo likishatoboka unatafuta injini nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu alikuwa nalo mkononi. Alifungua plagi akaiinua watu waione: kauri yote nyeusi, masizi makavu yanayochafua kidole. Akaipiga msasa, akaweka pengo sawasawa, akairudisha. Plagi ya namna ile inasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Ulikuwa wakati wa kuhakikisha choki inafunguka yote, kukung'uta kichungi cha hewa, kisha kufungua bakuli la kabureta na kusoma namba iliyochapwa kwenye jeti kuu.

Hapa narudia wimbo wangu wa miaka yote, na nitaendelea kuurudia. Nyeri mjini tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Tetu ni juu zaidi. Kitabu cha Honda chenyewe kinasema anayetumia injini juu ya mita 1,500 wakati wote afanyiwe marekebisho ya kabureta, na kwamba hata baada ya hapo nguvu hupungua kwa asilimia 3.5 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa mita 1,800 hiyo ni kama moja ya tano. Kibandiko kikisema farasi 5.5, kule Tetu tarajia 4.3, tena jeti ikiwa sahihi. Embu mjini injini hiyo hiyo haina shida, kwa kuwa wako chini ya mstari huo. Nanyuki inateseka kuliko kwetu. Lakini wauzaji wanatoa injini kwenye boksi, asili na nakala, bila kumuuliza mteja anaishi wapi, halafu fundi analaumu gavana.

Visu navyo havikuguswa. Kisu butu kinaitafuna napia badala ya kuikata, na injini ndiyo inayolipa. Sisemi vikapelekwe kwenye grainda mpaka chuma kigeuke buluu, mchezo ninaouona kila soko. Kikishakuwa buluu makali hayakai. Tupa na subira vinatosha.

Wazee wa posho mill hawangefanya vile. Walilelewa na injini ya Lister ya Dursley, ile CS iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1929, farasi sita kwa mizunguko 650 tu, magurudumu mawili mazito na mlio unaoweza kuuhesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Moshi ukiwa mweusi, mzee alisogeza kwanza kile kibati cha kupunguza mahindi yanayoingia. Akasikiliza. Moshi ukibaki, ndipo alipochukua spana, na gavana ilikuwa kitu cha mwisho kabisa kuguswa. Mafundi wa leo wana mikono myepesi kuliko wale, hilo nakubali, lakini wanaanza na spana.

Mwenye mashine, kama unasoma hapa, kata ule waya leo kabla ya kulisha ng'ombe. Springi irudi kwenye tundu lake la awali, na mizunguko ipimwe kwa kipimo, si kwa sikio. Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, na jeti ya zamani mfukoni, omba ya namba ndogo zaidi ya hiyo, endesha na mzigo, kisha fungua plagi tena: unatafuta rangi ya kahawia. Ile ya zamani usiitupe. Siku injini ikiuzwa kwa mtu wa Mombasa lazima irudishwe, maana huko jeti ndogo itainyima petroli, ichemke na kuungua.